Nyimbo Tamu za Dunia Iliyoungua: Muziki wa Fallout, Bomu, na Watu Wasiotajwa

Kama umeiangalia Fallout, ile tamthilia ya Prime Video iliyotoka Aprili 2024, lazima hili umeliona: damu inaruka, watu wanakatwa vipande, na nyuma yake kuna baba mmoja wa zamani anaimba mapenzi kwa sauti ya asali. Hana haraka. Hana habari. Dunia imeungua yeye anabembeleza.

Na wewe hapo kwenye kochi unajikuta unatikisa kichwa. Kesho yake unautafuta wimbo. Wengi walifanya hivyo, vijana wa miaka 20 wakaanza kusikiliza nyimbo za kabla babu zao hawajaoa. Sasa leo tukae tuongee kuhusu hizo nyimbo. Nani aliimba? Kwa nini zinatisha namna ile? Na mwisho nikupeleke mahali ambapo tamthilia yenyewe haifiki, mahali ambapo watu wanaongea Kiswahili kama mimi na wewe.

Kwanza, kwa nini nyimbo za zamani?

Kwa ambao hawajaiangalia: Fallout ni hadithi ya Marekani iliyopigwa mabomu ya nyuklia tarehe 23 Oktoba 2077. Matajiri na wenye bahati wakaingia kwenye mahandaki makubwa chini ya ardhi. Miaka 219 baadaye, binti mmoja anaitwa Lucy (Ella Purnell) anatoka handakini kumtafuta baba yake, na huko juu anakutana na jangwa, majambazi, na yule mwindaji asiye na pua, the Ghoul, anayeigizwa na Walton Goggins.

Swali la haraka: mwaka 2077 mbona watu wanavaa, wanajenga na kusikiliza muziki kama ni 1955? Jibu ni kwamba katika historia ya Fallout, teknolojia ilipita njia nyingine na utamaduni ukaganda. Kuna maroboti na magari ya nyuklia, lakini televisheni bado ni masanduku makubwa, akina mama bado wanasuka nywele za mawimbi, na redio bado inapiga santuri za miaka ya 1940 na 1950. Ni kama vile Marekani iliamua kwamba raha yake iliishia pale, haitaki kusonga mbele tena.

Hii haikuanza na tamthilia. Gemu ya kwanza ya Fallout ilitoka 1997, na ilifungua na televisheni ikiwaka ndani ya jiji lililobomoka huku wimbo "Maybe" wa The Ink Spots ukipiga. Watengenezaji wenyewe wamesimulia kwamba walikuwa wanautaka wimbo mwingine wa kundi hilohilo, "I Don't Want to Set the World on Fire", lakini haki za kuutumia zikawashinda. Ilibidi wasubiri hadi Fallout 3 mwaka 2008 ndipo ukaingia, safari hii redio ikiwaka ndani ya basi lililoharibika. Leo ukiupiga ule wimbo mbele ya mtu wa magemu, hasikii mapenzi kabisa. Anasikia bomu.

Na hata gemu hazikuwa za kwanza. Mwaka 1964 Stanley Kubrick alimaliza filamu yake Dr. Strangelove kwa milipuko ya nyuklia mfululizo, huku Vera Lynn akiimba "We'll Meet Again", wimbo uliowafariji askari wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wimbo wa ahadi kwamba tutaonana tena, juu ya picha za dunia ambayo hakuna atakayemwona mwenzake. Tangu hapo waongozaji wengi wameiga mbinu hiyo.

Mbinu yenyewe ni rahisi. Ukiweka muziki wa kutisha kwenye tukio la kutisha, mtazamaji anajua ajisikie vipi, anajiandaa. Ukiweka wimbo mtamu, unamnyang'anya maandalizi. Sikio linapumzika wakati jicho linashtuka, na hapo katikati ndipo roho inapotetemeka.

Wale waimbaji walikuwa akina nani?

Hapa ndipo mambo yanaanza kuwa mazito kidogo, maana watu wengi wanasikiliza hizi nyimbo wakipiga picha ya mzungu mwenye suti anavuta sigara sebuleni.

The Ink Spots walikuwa vijana weusi, kundi lililoanzia Indianapolis. Walitoka kimaisha na "If I Didn't Care" mwaka 1939, na baada ya hapo karibu kila wimbo ulikuwa na mtindo uleule: gitaa dogo mwanzoni, Bill Kenny anaimba juu kabisa kama anaomba msamaha, halafu katikati Hoppy Jones anakuja na sauti nzito na kuongea maneno badala ya kuimba. Ukisikia mmoja, umeshajua muundo wa kumi. Lakini watu hawakuchoka.

"I Don't Want to Set the World on Fire" waliurekodi 1941. Maana ya jina ni kwamba mwimbaji hataki kuiwasha dunia moto. Ni mtu wa kawaida asiye na makuu, anataka moyo wa mpenzi tu. Mmoja wa watunzi, Eddie Durham, alikuwa mpiga gitaa na trombone wa jazi, miongoni mwa wa mwanzo kabisa kulipeleka gitaa la umeme kwenye muziki huo. Mwingine, Bennie Benjamin, alizaliwa kisiwa cha St. Croix huko Karibi. Mwezi Desemba mwaka huohuo Japani ikashambulia Pearl Harbor, Marekani ikaingia vitani, na miaka minne baadaye kweli kuna mji uliwashwa moto. Hakuna aliyekusudia, ila wimbo ukabaki na utabiri mdomoni.

Halafu kuna Nat King Cole. Tamthilia inaanza na sauti yake, "Orange Colored Sky", wimbo wa 1950 kuhusu mtu anayepigwa na mapenzi ghafla chini ya anga la rangi ya chungwa. Anayejua kinachokuja kwenye lile anga la Los Angeles anatabasamu kwa uchungu.

Sasa sikiliza hii. Nat King Cole mwenyewe aliishi Los Angeles. Mwaka 1948 alinunua nyumba mtaa wa Hancock Park, mtaa wa wenye pesa, na majirani wazungu wakajipanga kumzuia asihamie. Akahamia hivyohivyo. Mwaka 1956, tarehe 10 Aprili, alikuwa jukwaani Birmingham, Alabama, wanaume wazungu wakapanda na kumshambulia katikati ya onyesho. Mwishoni mwa mwaka huo akapata kipindi chake cha televisheni NBC, watu wakakipenda, lakini hakuna kampuni kubwa ya kitaifa iliyokubali kukidhamini. Kilikufa Desemba 1957.

Na Las Vegas, mji ambao msimu wa pili wa tamthilia unaelekea? Katika miaka ya 1950 wanamuziki weusi walijaza kumbi za hoteli za pale, wakimaliza kuimba wanatoka mlango wa nyuma kwenda kulala upande mwingine wa mji. Mpaka Machi 1960 ndipo hoteli zikakubali kuwapokea wageni weusi.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema hizi nyimbo zinamkumbusha "zamani kulivyokuwa kuzuri", muulize taratibu: kuzuri kwa nani? Ile Marekani safi ya kwenye matangazo, yenye nyasi zilizokatwa na friji mpya, ilizipenda sauti hizi kuliko ilivyowapenda wenye sauti. Nadhani ndiyo sababu Fallout inazitumia vizuri hivi. Tamthilia inatuonyesha dunia iliyopakwa tabasamu juu ya kitu kilichooza, na muziki wenyewe una historia hiyohiyo.

Enzi ambayo bomu lilikuwa fasheni

Usidhani ni watu wa gemu tu waliochanganya bomu na raha. Wamarekani wa miaka ya 1950 walitangulia.

Kuanzia Januari 1951 serikali ilianza kulipua mabomu ya majaribio kwenye jangwa la Nevada, kama kilomita 105 kutoka Las Vegas. Hadi 1962 walilipua 100 juu ya ardhi. Wageni wa hoteli waliamka alfajiri na glasi mkononi kuangalia wingu la uyoga likipanda, kama sisi tunavyokaa kuangalia fataki za mwaka mpya. Shuleni watoto walionyeshwa filamu yenye kobe wa katuni aitwaye Bert, akiwafundisha kujikunyata chini ya dawati bomu likija. Dawati la mbao, mzee. Dhidi ya nyuklia.

Na muziki ukafuata. Mwaka 1955 Elton Britt aliimba "Uranium Fever", kuhusu watu wanaokimbilia milimani na kifaa cha kupimia mionzi wakitafuta utajiri. Mwaka 1957 The Five Stars wakaja na "Atom Bomb Baby", mrembo anayefananishwa na bomu. Mwaka 1960 Sheldon Allman akatoa "Crawl Out Through the Fallout", ambapo mwanamume anamwita mpenzi wake ajitambaze kumfuata katikati ya majivu ya mionzi. Hiyo ya mwisho ipo kwenye tamthilia. Hazikutungwa kwa ajili ya Fallout. Zilikuwepo, zikisubiri mtu azikumbuke.

Hapo kwenye "Uranium Fever" simama kidogo. Wimbo unacheka, unachangamka. Lakini urani ya Marekani ilichimbwa kwa wingi kwenye ardhi ya Wanavajo, na wachimbaji wengi walikuwa Wanavajo wenyewe, wakiingia kwenye mashimo yenye hewa mbovu bila kuambiwa mionzi ni nini. Walipoanza kuugua mapafu, ilichukua hadi 1990 ndipo bunge la Marekani likapitisha sheria ya fidia. Migodi zaidi ya 500 iliachwa kwenye ardhi yao. Hao kwenye wimbo hawamo.

Sasa twende Kongo

Kuna wimbo mmoja kwenye Fallout 3 na Fallout 4 ambao ukiusikia kama Mwafrika unajikuna kichwa. Unaitwa "Civilization", na watu wengi wanaujua kwa jina la "Bongo, Bongo, Bongo". Danny Kaye na The Andrews Sisters waliurekodi 1947. Ni kichekesho: anayesimulia ni Mwafrika wa Kongo, mmisionari amemjia kumsifia ustaarabu wa kizungu, na yeye anakataa kuondoka. Anasema bora abaki msituni kwake. Ngoma za kuigiza, lafudhi ya kubuni, vitu vyote vya kutuchora sisi kama katuni.

Ila kuna kitu ndani yake. Karibu na mwisho, anapohesabu sababu za kuukataa huo ustaarabu, anataja bomu la atomiki. Kwamba wenzetu wana kitu kama hicho, mimi nabaki hapahapa.

Watunzi walitaka watu wacheke, na nina hakika walicheka. Lakini hao waliokuwa wakicheka mwaka 1947, wengi hawakujua urani ya lile bomu ilitoka wapi.

Ilitoka Kongo.

Mgodi unaitwa Shinkolobwe, uko Katanga, karibu na mji wa Likasi ambao enzi za Wabelgiji uliitwa Jadotville. Ulikuwa wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mawe yake yalikuwa ya ajabu: mengine yalifika asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati kwingineko watu walikuwa wanachimba mawe yasiyofika hata asilimia 1. Mwaka 1940, mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, aliyeogopa Wajerumani wasije wakayakamata, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi New York na kuyahifadhi kwenye ghala Staten Island. Septemba 1942 ofisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, akaenda ofisini kwake kuulizia urani. Mzigo ulikuwa tayari upo mjini. Wakakubaliana siku hiyohiyo.

Baada ya hapo mgodi ukafufuliwa, mawe yakaendelea kutoka kwa treni na mashua hadi Matadi, na kutoka pale baharini. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kwenye mradi wa bomu ilitoka kwenye shimo hilo moja. Tarehe 6 Agosti 1945 ikafika Hiroshima.

Sengier alipewa nishani ya heshima na serikali ya Marekani mwaka 1946. Wachimbaji? Walichimba, wakachambua mawe kwa mikono, wakajaza magunia. Historia imeweka jina la mkurugenzi, la ofisa, la rubani aliyeliangusha bomu, hadi jina la ndege. Majina ya watu walioligusa lile jiwe kwanza ndiyo yanayokosekana. Shinkolobwe yenyewe ilifanywa siri kubwa, jina lake halikutakiwa kutajwa ovyo.

Na hawa walikuwa wanaongea lugha gani kazini? Kiswahili. Kwenye migodi ya Katanga, watu waliletwa kutoka makabila na nchi tofauti, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kabisa kwamba amri ya kupakia yale magunia ilitoka kwa maneno ambayo mimi na wewe tungeyaelewa bila mkalimani.

Yule Mkongo wa kwenye wimbo anasema anabaki nyumbani ili aliepuke bomu. Mkongo wa kweli alikuwa ameshaingizwa kwenye bomu bila kuulizwa.

Wimbo ambao haujawekwa

Sasa kama kuna mtu anatengeneza orodha ya nyimbo za enzi ya bomu, naomba aongeze mmoja.

Mwaka 1952, Hugh Tracey, yule mtafiti aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alifika Jadotville. Pale akamkuta kijana mwenye gitaa, Mwenda Jean Bosco, amezaliwa 1930. Akamrekodi. Wimbo unaitwa "Masanga". Gitaa moja tu, lakini vidole vinafanya kazi ya watu wengi: besi inatembea chini, na juu kuna nyuzi zinacheka. Wapiga gitaa bado wanaumia vidole kujaribu kuupiga.

Baadaye Bosco alikuja Nairobi, yeye na ndugu yake Edouard Masengo, na wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza kwao. Ukisikiliza gitaa kavu la Kenya la miaka ya 1960, lile la kuchezesha kidole gumba na cha shahada, unasikia Katanga humo ndani. Bosco alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1990.

Fikiria: 1952. Nevada wanalipua mabomu kama fataki. Nat King Cole anapigania haki ya kulala kwenye nyumba yake kwa amani. Na Jadotville, jirani ya mgodi uliotoa urani, kijana wa miaka 22 ana gitaa. Hiyo nayo ni sauti ya enzi ya atomiki. Ni tamu vilevile, haina haraka vilevile. Tofauti ni kwamba redio ya handakini haijawahi kuipiga.

Na kuna kitu kingine cha kukufikirisha. Lile jangwa unaloliona kwenye tamthilia, lenye nyumba zilizomezwa na mchanga? Sehemu yake imepigwa picha Namibia, kwenye pwani ya Skeleton Coast na mji uliohamwa wa Kolmanskop. Kolmanskop ulijengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu ya almasi. Almasi zikaisha, watu wakaondoka, mchanga ukaingia sebuleni. Yaani Hollywood walipotafuta picha ya dunia baada ya mwisho wake, waliikuta Afrika, kwenye mgodi uliotumiwa ukaachwa.

Shinkolobwe nao ulifungwa 1960, wakati wa uhuru wa Kongo, mashimo yakazibwa kwa zege. Haikuzuia watu kurudi kuchimba kwa mikono, wakitafuta kobalti na shaba kwenye ardhi yenye mionzi, kwa sababu njaa haina kipimo cha mionzi. Mwaka 2004 serikali ikapiga marufuku tena. Huko hakuna aliyesubiri 2077.

Kwa hiyo tuache kusikiliza?

Hapana bwana. Mimi The Ink Spots siwaachi, na "Orange Colored Sky" ni wimbo wa kumfurahisha mtu hata siku ya mgao wa umeme. Sina shida na muziki, shida yangu ni kuusikiliza kama vile ulianguka kutoka mbinguni, bila watu. Kila wimbo kwenye ile tamthilia una mtu aliyeimba huku mlango umefungwa nyuma yake, au mtu aliyechimba huku mwingine akipiga picha na nishani.

Fanya hivi wikiendi hii. Piga "I Don't Want to Set the World on Fire". Ukiisha, usibadilishe chochote, fuatisha "Masanga". Sikiliza zote mbili mfululizo, sauti juu kidogo, simu pembeni.

Halafu rudi hapa utuambie: ungekuwa wewe ndiye unapanga nyimbo za tamthilia ya dunia iliyokwisha, ila imewekwa Dar, Mombasa au Lubumbashi, ungeanza na wimbo gani wa zamani? Na kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye migodi ya Katanga, mwulize jina la aliyekuwa akifanya naye kazi. Andika hilo jina.